Mtani Juu ya Paa

Mihayo Kapaya alifariki Jumanne, na Jumatano mchana, watu wamejaa uani wanasubiri pilau, nikamwiba.

Msishtuke. Mimi ni Mgogo, yeye Mnyamwezi, na msiba wa Mnyamwezi usiokuwa na Mgogo wa kuuharibu si msiba, ni kikao. Babu zake walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, babu zangu wakawakalia njiani na kuwatoza ushuru wa maji ya visima. Utani wetu ulianzia hapo. Kwa miaka thelathini na minane nilimwita mbeba mizigo, yeye akaniita mtoza ushuru, na mbele za watu hakuna aliyewahi kumtaja mwenzake kwa jina. Asubuhi ile makaburini nilishuka shimoni kabla yake nikalala chali, nikapiga kelele kwamba ni fupi, waongeze, huyu marehemu ana miguu ya ngamia. Kisha nikavaa koti lake, nikachechemea kama yeye, nikaongea kwa sauti yake ya puani. Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Mtani kazi yake ni hiyo, na mimi naijua kazi yangu.

Basi tuliporudi nyumbani nikaiona punje yake mezani.

Tunazaliwa, tunachanjwa, tunawekwa punje nyuma ya sikio. Haizidi punje ya mchele. Mtu akifa hospitali wanaitoa na kuitia kwenye kisanduku chenye spika, na humo mwangwi wa marehemu unabaki siku arobaini. Unamuuliza funguo za stoo ziko wapi, anakwambia. Anaaga watu. Anaongea kama aliyeamshwa usingizini, kila siku taratibu zaidi, na siku ya arobaini anazimika kama kaa la moto. Punje ina njia tatu: sauti, macho na hisi. Njia ya sauti inaachwa wazi. Mbili zilizobaki zinazibwa kwa lakiri nyekundu, na shuleni tuliimbishwa kwamba maiti hapewi macho. Tuliimba tu. Sikumbuki mtoto yeyote aliyeuliza kwa nini.

Nikakinyakua kisanduku, nikapanda juu ya kiti.

"Huyu nimemkamata!" nikasema. "Hapiti mpaka alipe ushuru wa maji!"

Kalunde, mjane wake, alikuwa amekaa mkekani, macho yamemvimba. Akaniangalia, akashindwa kujizuia, akacheka.

"Mchukue, mtani! Miaka yote hiyo nimevumilia anavyokoroma, sasa zamu yako. Mfanye utakavyo. Ila siku moja kabla ya arobaini nataka awe tayari, Nyanzala anakuja."

Nyanzala ni binti yao wa pekee. Yuko huko kusini kabisa mwa dunia, kwenye kituo cha kuchimba barafu, na ndege ya kutoka kule ni moja kwa mwezi. Sauti ya mwangwi hairuhusiwi kupita hewani kwa sababu ya matapeli, kwa hiyo anayemtaka marehemu wake sharti aje mwenyewe.

Ndani ya kisanduku Mihayo akakohoa, sauti kama ya mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.

"Mtoza ushuru," akasema, "hujawahi kunifunga hata mara moja."

Uani watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, lakini ilinichoma.

Maana ni kweli. Ujanani tulicheza gemu kwenye kibanda nyuma ya stesheni, mashine moja kubwa kama kabati, ya Paa la Mwisho. Wapiganaji wawili juu ya paa la ghorofa refu. Anayeshindwa anatupwa chini, na unamtazama anavyokwenda mpaka anafika. Nilianguka mimi kila siku. Mihayo akianza kuzidiwa kidogo tu anashika kifua na kulia "Mama yangu, nakufa!" nami nikigeuka kumtazama, ananirusha. Miaka thelathini na minane alinikumbushia hilo, harusini, vikaoni, hata hospitali mrija ukiwa puani. "Siku utakayonifunga," alikuwa anasema, "ujue nimekufa."

Haya. Si amekufa?

*

Mimi natengeneza meno ya bandia. Nipe taya la mzee yeyote nikutengenezee meno yatakayotafuna muwa. Mbao sikuwa nimezigusa tangu nizaliwe, lakini niliamua nitajenga kabati la gemu kwa mikono yangu, chumba cha nyuma, na mpinzani ndani yake atakuwa Mihayo mwenyewe.

Nilinunua plaiwudi, nikachora ubavu kwa penseli, nikakata wa kwanza, nikakata wa pili, na nilipozisimamisha nikagundua zote ni za kushoto. Upande mzuri wa mbao ukitazama nje huku, kule unatazama ndani. Nilikaa chini nikajitukana kwa Kigogo, ambacho kina matusi mazuri. Nikakata wa tatu. Nilitoboa matundu ya vitufe kwa drili ya kutobolea meno, kitufe kimoja baada ya kingine, nikaunguza vichwa saba vya drili. Stiki niliifunga kichwa chini, ukisukuma mbele mpiganaji anarudi nyuma, nikaifungua nikaifunga tena. Rangi nilipaka bluu kama kibanda cha zamani. Sijawahi kufurahia kazi namna ile, na nasema kweli, kwa siku kumi na sita sikumlilia Mihayo hata tone.

Alikuwa pale pale kwenye kisanduku chake, juu ya dirisha, ananicheka polepole.

"Mlango, mtoza ushuru."

"Mlango una nini?"

"Pima mlango."

Nilipima baada ya wiki. Kabati lilikuwa limeuzidi mlango viganja viwili. Nilikuwa nimejenga kitu kisichoweza kutoka ndani ya nyumba yangu. Alicheka hadi akasinzia, na kwa mwangwi wa siku kumi na nne hilo ni jambo kubwa.

Ilibaki kazi moja. Ili mtu acheze lazima aone kioo, na ili asogeze mikono lazima aihisi. Nilijua sheria inasemaje. Lakini hiyo ni sheria ya watu, na mtani msibani hashtakiwi. Nikachukua sindano yangu ya kukwangulia meno, nikavaa miwani, nikaitoa lakiri nyekundu kidogo kidogo, njia ya macho kwanza, halafu ya hisi. Nikalehemu nyaya. Nikaiunganisha punje na umeme wa jua wa nyumba nzima, betri yake yenyewe isije ikachoka katikati ya mchezo.

Kioo kikawaka. Paa, antena, mawingu yanakimbia. Mpiganaji mwekundu, wangu. Mpiganaji wa kijani alikuwa amesimama anaitazama mikono yake, anaigeuza mbele nyuma.

"Ee," akasema Mihayo. Usingizi wote ulikuwa umemtoka. "Ee, Ndahani. Kuna upepo."

Nikabonyeza kitufe cha kuanza.

*

Nilimfunga mchezo wa kwanza. Hakuwa amejiandaa, alikuwa bado anashangaa, nikampiga teke la kifua akaenda. Alipokuwa hewani alipiga ukelele mmoja mrefu, na alipofika chini ukakatika. Kisha kioo kikamrudisha juu ya paa, amepiga magoti.

"Moja bila!" Nilikuwa narukaruka chumba kizima, mzee wa miaka sitini na mmoja. "Mbeba mizigo! Moja bila!"

"Mama yangu, nimekufa," akasema.

Nilicheka hadi mbavu zikauma. Alikuwa amerudi kabisa, na ule ujanja wake wa kushika kifua.

Nilitangaza mtaani. Kesho yake walikuja watani wote walio na jambo na Wanyamwezi, Wagogo wenzangu, Wazaramo, wakapanga foleni kuanzia mlango wa mbele mpaka uani, na mimi nikiwa mlangoni namwita kila mmoja. Hakuna aliyekuwa amewahi kumpata marehemu mtani wake, akamshika, akamtupa kutoka ghorofani. Mama mmoja muuza magimbi alimrusha mara tisa mfululizo huku amembeba mjukuu mgongoni. Na Mihayo hakutuangusha. Alilia, alisihi, aliita jina la Kalunde. Alisema "jamani inauma, jamani basi," na kadiri alivyosema ndivyo watu walivyojipigapiga mapaja. Nilikuwa nimeweka kihesabio pembeni mwa kioo, kinaandika MIANGUKO. Jioni ile kilisoma mia moja na nne.

Mtaniuliza: hukusikia? Nilisikia. Lakini mtani akilia unamwongezea. Tumekua hivyo. Akisema unamuumiza maana yake umempata pazuri. Mihayo mwenyewe siku ya msiba wa baba yangu aliniimbia wimbo wa mbuzi aliyepotelewa na mchungaji mpaka nikamtupia kiatu, na kesho yake nikamshukuru. Hatuna neno kati yetu la kumaanisha acha kweli kweli. Kulikuwa na haja gani ya kuwa nalo?

*

Siku ya thelathini na nne niliingia chumba cha nyuma na chai yangu. Kihesabio kilisoma mia nne kumi na mbili. Mpiganaji wa kijani hakuwa amesimama mahali pake. Alikuwa amelala kifudifudi katikati ya paa, amekumbatia nguzo ya antena kwa mikono na miguu.

"Bwana Ndahani Chidawali," akasema. "Tafadhali."

Nikacheka. Naapa, nilicheka. Miaka thelathini na minane sikuwahi kusikia tafadhali kinywani mwake, wala bwana.

"Leo umekuja na ya kistaarabu," nikasema.

"Sitanii. Naomba usikae kwenye kiti hicho. Naomba unisikilize kama ungekuwa unasikiliza mgonjwa wako. Ukizima kioo ukaenda kulala, mimi nabaki hapa. Upepo hauishi. Ukingo uko pale. Nikisinzia nateleza, nikiteleza nafika chini, na nafika, Ndahani. Nafika kila mara. Mara ya kwanza nilidhani ndiyo kufa kwenyewe, nikasema alhamdulillahi, kumbe hata hapo si mwisho."

"Wewe ni mwangwi. Mwangwi hauumwi."

"Mwangwi uliozibwa hauumwi."

Chai ilianza kupoa mkononi. Nikamwambia naona amejifunza maneno mapya huko juu. Akasema, "Jaribu mwenyewe, basi. Wewe si unapima betri kwa ulimi?"

Napima, ndiyo, kila mtu wa rika langu anapima. Nikafungua mlango wa nyuma wa kabati, nikazipata nyaya mbili za njia ya hisi. Nilitaka kumkomesha. Nikapiga magoti, nikaziweka kwenye ncha ya ulimi, nikapitisha mkono ubavuni mpaka mbele, nikabonyeza kuanza, nikamsukuma ukingoni.

Sijui ilichukua muda gani. Saa ya kwenye kioo ilisema sekunde nne. Tumbo lilibaki juu mimi nikaenda. Niliona madirisha yanapita, nikayahesabu nisijue kwa nini, na nilijua kwa mwili mzima, kama unavyojua kiu, kwamba sasa hivi nafika. Halafu nikafika. Nilijikuta nimelala sakafuni chumbani kwangu, meno yamenikata ulimi, suruali imelowa, na nalia kwa sauti ya mtoto. Na mimi nilikuwa nimeonja kwa ncha ya ulimi tu.

"Mia nne kumi na tatu," akasema Mihayo.

*

Kwanza nilijaribu kumrudisha kisandukuni. Nilipochomoa waya wa macho alipiga yowe ambalo sitaki kulikumbuka. Paa halikuondoka, lilibaki pale pale, ila sasa alikuwa hauoni ukingo. Nikarudisha haraka. Nikapaka lakiri mpya, haikushika. Njia ikishafunguka haizibiki tena, ndiyo maana wanatuimbisha. Nikauliza kuhusu siku ya arobaini, nikiwa na matumaini kwamba zimebaki sita tu. Akacheka kicheko kidogo cha puani.

"Umenichomeka kwenye umeme wa jua, fundi. Betri imejaa, hata ukichomoa leo sififii. Nina nguvu kuliko nilivyokuwa hai."

"Basi niambie nifanye nini."

"Unayo nyundo?"

Ninayo, ya shaba, ya kugongea plasta ya meno. Niliitoa kwenye droo. Niliishika hivi, punje iko mbele yangu imekaa kwenye waya wake, ndogo kama jino la kwanza la mtoto. Kugonga mara moja tu. Hapo ndipo nilipokumbuka Nyanzala.

Miaka mitano iliyopita binti alimuaga baba yake kwamba anakwenda barafuni. Mihayo akasema haendi. Akaenda. Mihayo akatamka mbele ya watu, akiwa mzima na timamu, kwamba siku akifa mtoto huyo asishike udongo wa kaburi lake. Baba kukunyima radhi si mchezo kwetu. Nyanzala alipoteza mimba mbili kule, na zote mbili alimpigia mama yake simu akauliza swali lile lile, kama ni kwa sababu ya radhi ya baba. Baadaye akapata mapacha, wakaishi, na bado kila wakiugua mafua anauliza. Sasa alikuwa ndani ya ndege anakuja kuomba radhi kwenye kisanduku, na hii ilikuwa mara yake ya mwisho duniani kuweza kuiomba.

"Siku tano," nikamwambia. "Anafika siku ya thelathini na tisa. Mpe radhi, halafu nakuvunja."

"Nivunje leo. Mwambie nimempa."

"Radhi haitumwi."

"Ndahani, nateleza."

"Shika antena."

Akaishika. Kisha akasema kwa upole, "Sina radhi ya kumpa. Nikiitafuta siioni. Kila nikifika chini kuna kitu kinabaki kule, sijui ni kipi. Jana nilisahau jina la mama yangu."

"Utaitamka hivyo hivyo," nikasema. "La sivyo sikuvunji kabisa. Utakaa hapo."

Nilisema hayo, na sikutania. Nilimwambia rafiki yangu hivyo nikiwa nimesimama na nyundo mkononi, na nilijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya kioo siku tano. Mgongo ukaniuma, chakula nilikuwa nakula palepale. Akisinzia nampigia kelele aamke. Aliteleza mara kumi na moja hata hivyo, na kila akirudi anaapa atamlaani binti yake badala ya kumbariki, na mimi namjibu haya, mlaani, ukae na upepo wako.

Siku ya nne aliacha kutukana.

"Nikubalie jambo moja," akasema. "Wakati ukifika nitaogopa. Nitakuomba uache. Nitasema chochote. Usinisikilize."

"Nimewahi kukusikiliza lini?"

"Ndiyo maana nimekuchagua wewe," akasema.

*

Nyanzala aliingia saa nne asubuhi, amekondeana, ngozi ya mashavu imebabuka kwa baridi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari, pole na yote."

Mama yake alikaa sebuleni hakutaka kuingia. Nilikuwa nimefunika kioo kwa kanga, nikamkalisha binti mbele ya spika. Alipiga magoti sakafuni badala ya kukaa. Hakusema mengi. Alisema, "Baba, ni mimi," halafu akashindwa.

Nilijua yuko juu ya paa amekumbatia antena, na nilijua anatafuta.

"Nyanzala," Mihayo akasema. "Ulikuwa unasimama juu ya ndoo."

"Ndiyo, baba."

"Ili ufikie stiki. Ndoo ya kijani."

"Ilikuwa nyekundu, baba."

"Nyekundu. Mwanangu, nilichokisema nimekifuta. Nenda utakako, na wanao wakue. Mtoza ushuru, mimi sina mate. Mtemee wewe."

Nikachukua kikombe cha maji, nikajaza kinywa, nikampulizia kifuani kama baba afanyavyo. Yalimwagika mengine kwenye shati langu. Yeye alilia kilio cha mtu anayeshushwa mzigo kichwani. Kwa hilo peke yake ningerudia zile siku tano, na najichukia kwa kusema hivyo.

Nilipaswa kumwambia atoke pale pale. Nilichelewa. Alijifuta uso, akaona kitambaa, akaona stiki, akakivuta kitambaa.

"Jamani! Paa la Mwisho!" Alikuwa anacheka na kamasi zinamtoka. "Baba mdogo, umemjengea? Anacheza? Baba, unaniona?"

"Nakuona," akasema Mihayo. "Umezeeka."

"Na nitakufunga."

Nilitazama mpiganaji wa kijani akiiachia nguzo ya antena, kidole kwa kidole. Akasimama. Akakunja ngumi, akachechemea mpaka katikati, akapigana. Tena alipigana vizuri! Alimpeleka binti mbio dakika nzima, halafu akarudi nyuma hatua moja, mbili, akashika kifua.

"Mama yangu, nakufa!" akalia, ile sauti yake ya kibandani, ya puani, yenye madaha. Akaenda. Hakupiga ukelele njia nzima. Nilizihesabu zile sekunde nne.

Nyanzala alikuwa anapiga makofi. Kihesabio kikasoma mia nne ishirini na tano.

"Nalichukua kabati hili," akasema. "Baba mdogo, usinikatalie. Naona limeunganishwa na umeme, kwa hiyo kesho hazimiki, sivyo? Wanangu hawajawahi kumwona babu yao. Watacheza naye kila siku wakitoka shule. Mlango tutaubomoa, nitaujenga upya mimi."

Fikirini ninyi mngesema nini pale. Nimwambie ukweli, ajue baba yake alikuwa akifa mara mia nne ishirini na tano mikononi mwangu, na radhi aliyoipata niliikamua kwa vitisho? Radhi ya kulazimishwa si radhi, hata mtoto anajua. Angerudi barafuni na mafua ya mapacha na lile swali lake. Au ninyamaze, niwape watoto wawili wanaompenda babu yao stiki ya kumrushia.

Nikafungua mlango wa nyuma wa kabati. Nyundo ilikuwa mfukoni mwa koti, koti lake, bado nalivaa.

"Unafanya nini, baba mdogo?"

"Ndahani," akasema Mihayo. "Ngoja. Ngoja kwanza. Nimebadili mawazo."

Mkono wangu ulikuwa juu.

"Nyanzala yuko hapa, nimemwona. Nitavumilia. Watoto, Ndahani, nataka kuwaona hao watoto. Upepo si kitu, nimeshauzoea. Usinisikilize niliyosema mwanzo, nisikilize sasa. Tafadhali. Sitanii."

Nyanzala alinirukia, nikamsukuma akaanguka. Nikagonga. Punje ilisagika kama punje ya mchele, na kioo kikabaki na mpiganaji mwekundu peke yake juu ya paa, anarukaruka mahali pamoja akisubiri mwenzake.

*

Nimekaa nayo miaka miwili. Nimeyapima maneno yale kwa kila mzani. Aliniambia ataogopa na nisimsikilize, basi alikuwa anaogopa. Au alikuwa amemwona mwanawe na akataka kuishi hata pale, kama sisi sote tunavyotaka. Au alikuwa ananitania mara ya mwisho, nibaki nayo, na hilo angeliweza kabisa, mshenzi yule. Kuna siku nayaamini yote matatu kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake ilikuwa arobaini. Nilikwenda. Mtani asipokwenda arobaini amekuwa mgeni. Uani pilau ileile, watu walewale waliokuwa kwenye foleni yangu. Nyanzala alisimama mbele yao, mkono ameufunga bandeji pale nilipomsukuma, akaninyooshea kidole.

"Huyu," akasema. "Huyu amemuua baba yangu nikimwangalia, dakika chache baada ya kunitemea radhi kwa mdomo wake mwenyewe, na hajanieleza kwa nini. Mwambieni anieleze."

Watu wakageuka. Kalunde aliinua uso mkekani akanitazama, na nikaona ananiombea, kwamba nipate neno lolote, chekesho lolote, tulibebe tuendelee. Yule mama wa magimbi alikuwa ameshaanza kutabasamu, anasubiri. Ningeweza kuwaambia. Ulimi ulikuwa bado una kidonda pale meno yaliponikata, nikakisukuma na meno mpaka kikauma.

Nikapanda juu ya kiti.

"Alikuwa hajalipa ushuru wa maji," nikasema, kwa sauti ya puani.

Hakuna aliyecheka. Nyanzala alinitemea mate miguuni, akamshika mama yake mkono, wakaingia ndani. Nikashuka kitini, nikavua lile koti, nikalikunja, nikaliweka mezani pale kisanduku kilipokuwa.